Kamba Isipigwe na Baridi

Jumatatu, 14 Julai

Leo mgongo umeniuliza tulikuja Pwani kufanya nini. Tangu asubuhi nachimba shimo la choo hapa kwa Mzee Mwidani, huku Mtongwe, mimi na kibarua mwenzangu Kadenge. Kadenge huchimba dakika tano, kisha husimama kulikagua shimo.

Habari kubwa! Mzee anatafuta mtu wa kudumu. Aliyekuwa akimtunzia chatu wake, yule anayeonyeshwa watoto wa shule, ameacha kazi akarudi kwao Kaloleni. Atakayepata kazi atapewa na chumba cha nyuma. Nimekichungulia. Sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu, mlango unaofungika! Mimi nalala na wapakuzi wanne wa bandarini, na mmoja hupiga mateke usingizini. Mke wangu Philister ameshasema hatoki Butere kuja kulala katikati ya wanaume wanne. Kwa hiyo ni chumba hicho, au niendelee kumwona Krismasi hadi Krismasi.

Mzee amekwenda Vanga kwenye arusi ya mpwa wake. Akirudi ataamua, mimi au Kadenge. Gari lilichelewa, basi maagizo aliyatoa baada ya kuswali magharibi, mguu mmoja tayari garini. Kadenge, mbuzi na lango. Mimi, kamba. Kweli, kamba! Amesema haijakaa sawa tangu mvua ya juzi. Isipigwe na baridi usiku, ikipigwa itakufa. Niiwekee balbu. Stima ikipotea, chupa za maji moto. Na nisiivute.

Nimeitikia ndiyo, mzee. Watu wa huku wana mambo yao. Saa kwao hufa, betri hufa, basi kamba nayo.

Nimemuuliza Kadenge ni kamba gani. Amenitazama kwa muda, kama mtu aliyeokota kitu njiani anayeangalia kama mwenyewe yuko karibu. Akasema ni ya kisimani, kwani naijua nyingine?

Jumanne, 15 Julai

Usiku nimefanya kazi ya akili. Balbu yenye joto hapa ni moja tu, ya kizamani, ya kuunguza mkono, nayo iko ndani ya sanduku la kioo la chatu. Nimeichomoa. Nyoka ana ngozi yake. Kamba ina nini? Nikaikunja kamba ndani ya beseni stoo, balbu juu yake, gunia juu ya balbu. Saa tisa gunia likaanza kunuka moshi, nikalitoa. Kamba haikudhurika. Imekauka vizuri sana.

Asubuhi Bi Mwanasaumu, mke wa Mzee, alikwenda kuteka maji akakuta ndoo haina kamba. Amenisema mimi na bara zima nilikotoka. Nimemjibu kwa heshima kwamba natekeleza agizo. Sikueleza zaidi. Kadenge alikuwa karibu, sitaki aniibie mbinu.

Kadenge mwenyewe ana adabu ya ajabu leo. Ameniuliza mara tatu kamba imeamkaje. Nikimjibu, anakwenda nyuma ya banda la mbuzi kukohoa. Kifua chake hakiko sawa. Mtu kama huyo hafai kazi ya kudumu.

Jumatano, 16 Julai

Balaa!

Baada ya magharibi Bi Mwanasaumu aliniita barazani. Aliuliza kamba i hali gani. Nilifurahi. Hatimaye kuna anayethamini! Nikamwambia haina neno, bibi, tena ina joto kama chapati. Akashukuru Mungu. Akauliza kama imetulia. Nikasema imetulia kabisa, ila ncha ilikuwa inafumuka, nikaipiga fundo.

“Umempiga nini?”

Fundo, bibi. Mawili.

Alipiga ukemi, mbuzi wote wakasimama.

Ndipo nikafundishwa, kwa sauti iliyofika mpaka msikitini, kwamba Pwani jua likishatua yule mnyama hatajwi kwa jina lake. Ukimtaja atasikia, atakuja. Huitwa kamba. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Kadenge anajua! Asiyejua ni mimi tu wa Butere, ambako nyoka ni nyoka mchana na usiku.

Tulikimbia kwenye banda la chatu. Chatu jike, urefu wa watu wawili, siku mbili hana joto. Nilimgusa. Baridi kama nguzo ya chuma. Kichwa hakikuinuka. Puani alikuwa anapiga filimbi. Mzee alisema itakufa, na hakuwa anasema kamba. Pale sakafuni niliona chumba changu, na Philister ndani yake, vinakwenda zao, nami navitazama.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika mchana, macho mekundu. Usiku wa jana ulikuwa hivi.

Nilikimbilia balbu stoo. Nikarudi nayo mbio. Mlangoni ikaniponyoka. Kwisha.

Nikaenda dukani, nikataka balbu yenye mwanga kuliko zote. Muuzaji akaisifu kwamba haipati moto hata uilalie. Nikaona kweli hiyo ni sifa! Nimeifunga, banda likang'aa kama ukumbi wa arusi. Chatu akawa na baridi ileile, ila sasa anaonekana vizuri.

Mbinu ya pili, chupa. Maji ya kuchemka kabisa, ndani ya chupa za soda za plastiki. Zikajikunja kama watu wanaoumwa na tumbo, kisha zikavuja. Sasa chatu ana baridi na amelowa.

Mbinu ya tatu, kuku wa Bi Mwanasaumu anayeatamia. Joto lake nalijua, nimewahi kumpakata. Nilimfikisha mlangoni pa banda, yumo ndani ya shati langu, Bi Mwanasaumu akatokea. Alinyoosha mkono. Nikampa kuku.

Kadenge alisimama kando, uso umemshuka. Chatu akifa hakuna wa kutunzwa, na kazi hakuna, iwe yake au yangu. Akasema haki ya Mungu alidhani ningegundua usiku uleule wa kwanza. “We bwana, mtu mzima na ndevu zako, unapasha kamba joto kweli?” Nikamuuliza mbona hakunigutusha. Akasema alikitaka chumba. Angalau ni mkweli. Nikamtupia kandambili. Ikampata mbuzi.

Bi Mwanasaumu akatuambia tunyamaze sote wawili. Alichukua madumu mawili magumu, akatia maji ya moto ya kuoga, si ya kuchemka. Akamkausha chatu kwa kitambaa, taratibu, kama anamfuta mtoto. Akaviringisha madumu kwa leso na kuyapanga upande mmoja tu wa sanduku, ili mwenyewe asogee akitaka. Akaziba upepo kwa mkeka. Dakika kumi! Kisha akatuamuru tukae hapo, maji yakipoa tuyabadilishe, na tusibuni kitu chochote.

Tulikaa. Karibu na adhana ya alfajiri chatu alijivuta polepole, akalizunguka dumu, akaweka kichwa juu yake. Filimbi imepungua. Kadenge alijifuta macho. Mimi pia, nikasingizia moshi. Moshi haukuwapo.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee amerudi. Ameelezwa yote na mkewe, hakupunguziwa hata kuku.

Alitusimamisha mbele ya shimo la choo, nadhani makusudi. Akasema Kadenge alijua akanyamaza, mimi sikujua nikanyamaza, na hajaamua nani kati yetu ni hasara kubwa zaidi. Nikainua mkono nimsaidie kuamua. Akaniambia niushushe.

Uamuzi: kazi tumepewa wote wawili, kwa zamu, chini ya Bi Mwanasaumu. Kazi ya kudumu! Nikauliza chumba je. Akasema chumba cha nyuma hakipigwi na upepo na saruji yake hushika joto, kwa hiyo kimepata mwenyewe.

Amepewa chatu.

Sanduku tumelibeba mimi na Kadenge. Lina uzito kama dhambi. Kwenye ule mlango wangu ilibidi tuliingize kwa ubavu.

Jumapili, 20 Julai

Misa yote nimekuwa nikifikiri. Padri ameniona nimefumba macho, bila shaka amefurahi.

Hesabu ni rahisi. Chatu analala ndani ya sanduku. Sanduku linachukua robo ya chumba. Robo tatu zimekaa bure! Na nani atatia joto chumbani usiku kucha, bila stima, bila madumu, kuliko watu wawili waliooana? Nimempelekea Mzee wazo hilo. Amecheka mpaka kofia imemdondoka, ameiokota, ameondoka akiipangusa. Hakusema hapana. Nilimsikiliza vizuri, hapana haikutoka.

Nimempigia Philister hapo hapo. Kazi nimepata, chumba kipo, sakafu ya saruji, mlango unafungika, na usiku kina joto zuri. Amepiga vigelegele, majirani wakamsaidia. Jumanne anapanda basi. Kisha akauliza, maana ananijua, kama kuna mtu mwingine anayelala humo.

Nimemwambia hakuna mtu.