Mbolea ya Siri ya Mama Metito

Ijumaa, 4 Aprili
Mama mkwe anakuja Jumapili ya wiki ijayo. Krismasi alizunguka kijishamba changu nyuma ya nyumba, akasema mume wa binti yake hawezi kukuza hata sukuma wiki. Mbele ya watu! Nimemwambia mke wangu Evalyne ampigie simu, asije na mboga. Safari hii atakula zangu mpaka aone haya.

Nimepitia agroveti, duka la pembejeo. Caro, muuzaji, ameniambia niweke mbolea ya dukani ya CAN kidogo, au samadi iliyooza vizuri. Kidogo! Iliyooza! Nani ana muda wa kungoja kitu kioze? Nimeenda Isinya kwa mfugaji wa kuku, nikajaziwa gunia la mbolea ya kuku ambayo bado ina moto. Nimemwaga yote. Evalyne na binti yetu Mukai wamefunga madirisha.

Jumanne, 8 Aprili
Sukuma zimeungua. Zimepona chache tu kando ya ua. Evalyne anasema Caro aliniambia. Najua Caro aliniambia!

Kinachoniuma zaidi ni jirani yetu, Mama Metito. Watu wa mifugo tangu jadi, na sukuma zake zinanifika kiunoni. Nimemsalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" kwa utamu wote, nikamuuliza anaweka nini. Akasema ni samadi tu, ya boma lao la zamani kule Kisaju, ile ya chini kabisa iliyokaa miaka. Uongo mtupu. Mwenye sukuma kama zile hawezi kusema ukweli.

Jumatano, 9 Aprili
Nimemnasa! Jioni nilipanda juu ya jerikeni nikachungulia. Mama Metito alikuwa akimwaga kitu cheupe cha chengachenga kando ya ua, kutoka kwa gunia lisilo na maandishi. Samadi, eti!

Alhamisi, 10 Aprili
Alipoenda maombi ya akina mama, nilipanua tundu kwenye ua wa michongoma nikapenya na ndoo, nikaijaza kutoka kwenye gunia lile. Suruali imeraruka. Si kitu. Kila shina limezungushiwa mbolea ya siri. Mama mkwe, karibu sana!

Jumamosi, 12 Aprili
Nimekwisha. Mbuzi wote wa Mama Metito wamepita kwenye tundu langu. Wamelamba udongo, na kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakala sukuma. Mpaka mashina!

Mama Metito alikuja mbio akawafukuza. Kisha akainama, akaangalia ule weupe. "Baba Mukai, si hii ni chumvi ya mbuzi wangu? Si ungeniomba tu?" Hata hakukasirika, jambo lililonikasirisha sana. Akasema atanichumia sukuma zake kwa ajili ya kesho. Nimekataa. Mtu ana heshima yake.

Jumapili, 13 Aprili
Mama mkwe amefika. Sisi Wakamba hatumkodolei mama mkwe macho, kwa hiyo nilitazama chini. Ndipo nikaona kiondo chake. Kimejaa sukuma! Hakuniuliza lolote kuhusu shamba. Alimpa tu Evalyne, akasema alijua zitahitajika. Nimekula kwa hasira. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo limenimaliza.

Baada ya chakula nilitoka nje kupunga upepo. Nikaona kitu ambacho Mama Metito hajakifikiria. Mbuzi wake wameacha samadi kila mahali, ya bure, mbichi kabisa. Yake imekaa miaka, nguvu yote imeshaisha! Kesho napanda spinachi papo hapo. Na ile chumvi imebaki nusu ndoo. Nitaongezea.