Talaka ya Mazoezi

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka natamani ardhi ipasuke niingie. Niko nje barazani peke yangu, mke wangu yuko ndani hataki kunisemesha, na mtaa mzima unajua kwa nini. Nawaandikia mapema kabla hamjaisikia kwa wengine. Hapa Kismayu habari hailali, na ikifika kwenu itakuwa imeshaongezwa chumvi.

Mnajua kazi yangu ni bandarini, kubeba magunia. Mnajua pia siipendi. (Mgongo wangu ndio hauipendi zaidi.) Tangu utotoni kule kisiwani Chula watu walikuwa wakiniambia, "We Lali, ungefaa televisheni wewe," nami mjinga nikaamini. Basi juzi bahati ikanifuata yenyewe. Jamaa mmoja anaitwa Guled, anatengeneza tamthilia za kuweka mtandaoni, alikuja bandarini anatafuta Mbajuni. Ana mvuvi wa Kibajuni katika hadithi yake, anagombana na mkewe mpaka anamwacha. Onyesho moja tu, lakini zito. Akanijaribu pale pale mbele ya makuli wenzangu, akanipiga begani, akasema, "Waryaa, bwana wee, wewe ndiye!"

Hana karatasi yule. Maneno alinipa kwa mdomo, kwa Kisomali, akanisisitiza niyaseme kwa Kibajuni mpaka yanitoke kama yangu.

Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Siku ya pili nikamwendea msimamizi wetu wa bandarini nikamwambia maneno ambayo leo nayajutia moja moja. Kwa ufupi, nilimwambia atafute punda mwingine. Nilidhani nimeshavuka! Nafasi ya kwanza ikitoka vizuri, ya pili inakuja, ya tatu inakuja, na mimi na gunia ndiyo kwaheri.

Leo asubuhi nikamwomba mke wangu, Tima, anisaidie mazoezi. Yeye awe mke, mimi mume. Tima alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele. Akasema sehemu yake bila kuinua macho: "Nimekosa nini, mume wangu?" Mimi nikatoa yangu: "Nimekuacha! Toka nyumbani kwangu!"

Tima akatupa kijiwe, akasema, "Lali, unaniacha kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Nikarudia. Akapiga mwayo. (Mke wangu! Mwayo!)

Hapo nikaingiwa na uchungu. Nikajiambia, hebu nikumbuke kitu kilichowahi kuniudhi kweli, hasira ipate pa kutokea. Wala sikutafuta mbali. Alinijia mama mkwe. Bi Mwanakhamisi, mamake Tima, anakaa Chula, na kila akija mjini jambo la kwanza ni kufunua sufuria zangu. Kabla ya maji, kabla ya salamu kwisha, kifuniko kiko mkononi na pua iko ndani. Halafu anamtazama mwanawe, anaguna, anasema, "Umekonda, mwanangu." Nami nimesimama hapo hapo! Nanyamaza. Mkwe ni mkwe, humwinulii macho, sembuse sauti. Nimenyamaza tangu siku ya harusi.

Basi mara ya tatu sikuzuia kitu. Nikasimama katikati ya chumba, mkono juu, mshipa wa shingo umetoka:

"Tima, nimekuacha! Toka nyumbani kwangu! Na mamako umwambie asikanyage hapa tena, kunifunulia sufuria na kuninusia mchuzi kama paka wa sokoni!"

Tima akauacha mchele. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Nikasema moyoni, hapo! Hapo sasa! Ndiyo sanaa hiyo!

Nyuma yangu kikaanguka kitu.

Nikageuka. Bi Mwanakhamisi yuko mlangoni. Mashua ya Chula leo imewahi. Hakuwa amepata hata nafasi ya kupiga hodi. Kapu lilikuwa limemponyoka, na ng'onda aliotuletea wametapakaa mpaka miguuni mwangu, samaki wakavu wazuri, wakubwa, wananitazama wote.

"Karibu, mama," nikasema.

(Nilisema karibu! Mate ya kumfukuza hayajakauka mdomoni!)

Hakuniitikia. "Tima," akasema, "vaa buibui lako." Tima akaruka, "Mama, ni mchezo! Tunafanya mazoezi ya filamu!" Bi akasema, "Sikulea mtoto wa kuachwa halafu akamfichia siri aliyemwacha." Akatoka nje akasimama katikati ya njia, na nyinyi mnaijua sauti ya mama aliyezoea kuita mashua kutoka ufukweni. "Enyi majirani! Mwanangu ameachwa! Nimesikia kwa masikio yangu haya!"

Subhanallah. Walitoka hata wagonjwa.

Akaitwa Maalim Kombo, anayesomesha watoto msikiti wa jirani. Akaja taratibu, akaketi barazani, watu wakamzunguka, na mimi mbele yake kama mwizi wa kuku.

"Lali, ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Maalim. Lakini nilikuwa naigiza."

"Astaghfirullah. Talaka haina mzaha, mwanangu. Mtu akiitamka wazi kwa mkewe, hata akicheka, imeanguka."

Jamani! Nampenda Tima. Nilimposa kwao mara mbili ndipo nikakubaliwa, na huyu huyu Bi ndiye aliyenikataa mara ya kwanza. Nikaona ndoa yangu inaondoka asubuhi, kweupe, kwa sababu ya onyesho moja la mtandaoni.

Maalim akaona uso wangu, akaongeza, "Ila kama maneno ni ya mtu mwingine, wewe unayakariri tu kama unavyosimulia hadithi, hapo kuna kauli nyingine. Una shahidi?"

Bi akaingilia kati, Kibajuni cha kisiwani kikamtoka. "Kukariri gani, Maalim? Mchu huyu namjua. Akidanganya, hata mtoto mchanga anamgundua. Hajui kuigiza! Nilichosikia mimi kilitoka tumboni."

(Msanii nimetafuta sifa maisha yangu yote. Hiyo ndiyo niliyopata.)

Nikampigia Guled, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie, nikampa Maalim simu. Guled anaongea Kisomali, na pale hakuna asiyekijua, kwa bahati yangu mbaya.

Maalim akamuuliza kama kuna maneno alimfundisha Lali. Guled akasema, "Ndiyo, Maalim. 'Nimekuacha, toka nyumbani kwangu.' Ni ya mvuvi katika hadithi yetu."

"Ulimwamuru ayarudie?"

"Nilimwambia ayarudie mpaka achoke."

Maalim akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Ni maneno ya kufundishwa. Talaka hakuna."

Watu wakasema alhamdulillahi. Mimi nikasema kuliko wote. Hapo ndipo simu ilipotakiwa ikatwe! Lakini simu iko mkononi mwa Maalim, na Maalim hajui kukata simu.

Guled akaendelea. "Lakini Maalim, mwambie asijisumbue tena. Ile nafasi nimeshampa mwingine."

Nikainama kwenye simu. "Umempa nani?"

"Kijana wa Mogadishu. Ana wafuasi wengi mtandaoni."

"Guled, ulitaka Mbajuni! Huyo anaijua bahari?"

"Mashua inamtapisha, lakini tutapigia picha mchangani. Tutamvisha kikoi."

"Na lugha?"

"Atasema Kisomali. Hiyo yenu nani anaifahamu, ndugu yangu?"

Nilitamani kumjibu. Hapo barazani tulikuwa Wabajuni watupu, wazee kwa vijana, wote wameisikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Tumeyazoea. Visiwa vyetu, uvuvi wetu, hata ugomvi wetu wa ndani, na bado akitafutwa wa kutuigiza anatafutwa mwingine akavishwa kikoi.

"Usikasirike," Guled akasema. "Njoo hivyo hivyo. Kuna mtu anapita nyuma amebeba gunia. Gunia si unalijua?"

Kuna jirani alicheka kwa pua. Nimemwona, na harusi ya mwanawe siendi.

Nikadhani yamekwisha. Bi Mwanakhamisi akausogelea ule mkono wa Maalim, akaiambia simu kwa upole kabisa, "Samahani, mwanangu. Na yale mengine, nayo ulimfundisha wewe?"

"Yapi, hooyo, mama yangu?"

Akayasema. Yote! Sufuria, mchuzi, kunusa, paka wa sokoni, hakuacha hata moja, na mkono akauinua juu kama nilivyouinua mimi. (Kama kuna mwenye kipaji katika familia hii, ni yeye.)

Guled akaangua kicheko mpaka simu ikakoroma.

"La, hooyo, hayo si yangu! Hayo yake mwenyewe! Lakini matamu! Waryaa Lali, nayachukua. Nampa yule kijana!"

Macho yote yakanigeukia. Maalim akainamia tasbihi yake, na naapa mabega yalikuwa yanamtikisika. Bi alinitazama kwa muda. Sikuona hasira. Aliumia, yule mama, nikaona kidevu kinamcheza, na hilo ndilo lililonimaliza. Akarudi ndani, akawaokota ng'onda wake, akawapangusa vumbi, akawarudisha kapuni mpaka wa mwisho. Akajitwika, akaelekea kwa dada yake.

"Mama, nisamehe," nikamwambia.

"Nimekusamehe," akasema bila kusimama. "Mchuzi nuseni wenyewe."

Watu wakatawanyika, wengine wakikimbia ili wakachekee mbali. Nikaingia ndani. Tima amekaa palepale mkekani, mchele mbele yake, hachagui.

"Umesikia mwenyewe," nikamwambia. "Talaka hakuna. Maneno ni ya Guled."

"Nimesikia. Na ya mama?"

"Ya mama..." Nikakwama. "Hasira tu."

"Ya mama ni yako."

"Ndiyo, ni yangu. Nimekosa."

Akachezea mchele kwa kidole. "Lali, uliyasema kwa pumzi moja. Ya Guled na ya kwako. Mimi nitajuaje ya Guled yaliishia wapi?"

Nimetukanwa sana bandarini, nimeangukiwa na gunia la sukari, leo nimenyang'anywa nafasi yangu na maneno yangu mbele ya mtaa. Hakuna kilichoniingia kama swali hilo. Kazi ya bandarini nimeshaitukana. Kwa Guled kuna gunia lingine linaningoja, na hilo hata sura yangu haitaonekana. Yote hayo nitayameza. Hili la Tima limekataa kupita kooni.

Nikapiga magoti. "Tima, wallahi nakupenda. Siwezi kukuacha mimi, hata nilipwe."

Akanitazama usoni muda mrefu, anapima.

"Hiyo nayo umefundishwa na nani?"

"Hakuna! Ni yangu!"

"Haijatoka," akasema. "Kaijaribu nje."

Nikatoka, akashusha pazia la mlango nyuma yangu.

Basi niko barazani, naijaribu tangu adhuhuri. Kimoyomoyo, midomo nimeifunga. Msicheke, jamani.