Bustani ya Starehe na Kifungu cha Tisa

Umma wote unatangaziwa kwamba Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, starehe itarejeshwa rasmi London. Tangazo hilo aliliandika Deus, Kaimu Afisa Starehe wa halmashauri ambayo hatuitaji, kwa sababu za kiitifaki.

Deus alikuwa amesoma. Alijua kwamba miaka mia tatu iliyopita watu wa mji huu walilipa shilingi kuingia bustanini, wakala, wakasikiliza muziki, wakapotelea vichochoroni wawili wawili. Kilichowaponza, aliandika, ni kukosa utaratibu. Yeye akauleta kutoka kwao Moshi: hakuna kula wala kucheka kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Akaongeza kifungu cha tisa, kipenzi chake: aliyeingia hatatoka mpaka mashahidi wawili wasaini kwamba wamemwona akistarehe. Fomu arobaini zikijazwa, Deus anathibitishwa kazini. Zikipungua, anarudi kubeba maboksi Stratford.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Rasik, mzaliwa wa Kisumu, alichelewa kwa saa tatu. Nje ya uzio wa bustani watu wakachoka. Dada Placida, nesi wa Thornton Heath, akafunua sufuria la pilau pale pale barabarani. Mtu akafungulia muziki.

“Dada, nakuomba! Mnastarehe nje ya eneo!”

“Deus, hebu niondokee. Kula kwanza, mdogo wangu.”

Mate yalimjaa, lakini alikataa. Yuko kazini, bwana.

Mkurugenzi akafika, akakata utepe, akaingia na Deus. Hakuna aliyewafuata. Wakakaa kwenye benchi, wakatazama maua. Baada ya dakika kumi Mkurugenzi akataka kutoka, ana kikao.

Mlinzi wa lango akamwonyesha kifungu cha tisa, na chini yake sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe.

“Basi tustarehe upesi!” Mkurugenzi akaamuru. Akajaribu kutabasamu. Akarukaruka, tai ikampiga usoni.

“Ongeza kiuno, Mheshimiwa!” wakapiga kelele watu waliojazana kwenye uzio na sahani zao.

Deus akajikaza. Akafikiria yale maboksi. Wapi! Kicheko kikamtoka, akaanguka kwenye nyasi zisizoruhusiwa kukaliwa, machozi yakimtiririka.

“Lete fomu,” akasema Placida. “Huyu nimemwona.” Watu arobaini wakasaini fomu hiyo hiyo moja.

“Na yangu?” akauliza Mkurugenzi.

“Wewe bado, baba. Hatujaona kitu.”

Deus akatoka. Alijua kwamba kwa fomu moja tu kazi imekwenda, na roho ilimuuma, lakini pilau lilikuwa bado la moto. Hadi tunakwenda mitamboni, Mkurugenzi yumo ndani, anaendelea kujitahidi.