Mgeni Kakalia Kiti Changu

Jumamosi, 3 Agosti

Baba kabadilisha mpira wa juu wa rejeta, ule uliopasuka. Kajaza maji mapya ya kupozea, yale ya kijani. Kisha kasema kazi bado mbichi: ukijaza upya, hewa hunasa ndani, na isipotolewa injini itachemka njiani. Mmoja akae kwenye kiti cha dereva akanyage mafuta taratibu. Mwingine aangalie mapovu.

Mtu wa kiti huwa ni mimi. Tangu mguu wangu ulipoanza kufika chini.

Leo kaitwa Mgeni!

Mgeni ni mtoto wa Mama Mkubwa. Kiukoo ni dada yangu, kanizidi miezi mitatu. Yuko kwetu tangu Januari, wiki ileile Mama aliyoondoka kwenda masomoni. Mmoja katoka, mwingine kaingia, kama zamu. Humu daftarini ataitwa Mgeni mpaka kurasa ziishe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba kampa spana.

Mimi nimepewa kifuniko cha rejeta nikishike. Kukishika tu! Nimekishika kwa mikono miwili, natabasamu kama bi harusi. Nikikasirika huwa natabasamu. Ni ugonjwa.

Halafu tangazo: Mama anarudi Jumamosi ijayo! Nyuma kutajaa masanduku, hivyo kwenda kumpokea kuna nafasi ya mtu mmoja, tena mwembamba. Atakayemsaidia Baba mpaka gari lipone ndiye atakayekwenda naye.

Ningeweza kusema, naomba niende mimi. Sentensi fupi. Naijua kwa lugha mbili. Haikutoka hata kwa moja.

Jumapili, 4 Agosti

Nimesoma kitabu cha gari, Kiingereza kitupu, huku wenzangu wanaosha vyombo. (Mgeni kaosha na vyangu. Mnafiki.) Nimegundua siri. Wakati wa kutoa hewa, hita ya kupasha joto ndani ya gari iwekwe kwenye joto la mwisho, ndipo maji yapite kwenye mabomba yake na hewa itoke. Ikiwa kwenye baridi, hewa inajibanza humo na kusubiri siku yake.

Hewa inayojibanza na kusubiri siku yake. Tunaelewana.

Alasiri Baba kapandisha pua ya gari kwenye mwinuko wa getini. Hita kwenye joto, injini inanguruma, kifuniko mkononi mwangu. Baba kamwita Mgeni aje aminye mpira. Mgeni kashuka mbio. Mimi nikapitisha mkono dirishani, kitufe cha hita kutoka kwenye nyekundu hadi kwenye buluu. Tik! Hakuna aliyeona.

Mapovu yakakoma mapema. Baba kafurahi, kasema kazi imekwisha. Kamwita Mgeni fundi. Sawa, fundi. Kesho tutaonana.

Jambo jingine. Zamani alikuwa anamwita Baba Mdogo. Leo nimemsikia mara nne: Baba, Baba, Baba, Baba. Mdogo kadondokea wapi?

Jumatatu, 5 Agosti

Gari limechemka! Baba hakufika hata kazini. Mshale wa joto ulipanda mpaka juu, kaegesha kando, kasubiri lipoe, karudi anajikokota kama konokono.

Nikajiweka sebuleni mapema nisikose kuona Mgeni akilaumiwa.

Mgeni kasimama mbele ya Baba, macho chini, kasema kosa ni lake, hakusubiri vya kutosha. Baba kamshika bega. Kasema watoto wanaokiri kosa siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Kosa langu lile! Nimelitafuta kwa jasho langu, kitabu kizima cha Kiingereza, kaja kanichukulia na hilo!

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango mpya. Kukaa kwenye kiti, kurudisha hita kwenye joto, hewa itoke, nionekane mkombozi. Ilibaki tu kuomba kiti. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Sikuhitaji. Mgeni kaniambia mwenyewe, kwa sauti ya asali, mdogo wangu, leo kaa wewe. Kanigawia kiti changu kama sadaka! Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nikakaa. Boneti iko wazi, sioni mbele. Baba kasema nisubiri mpaka aniambie nikanyage, tena kidogo, kama nakanyaga yai. Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye hita.

Ndipo nikawasikia wanacheka. Baba na Mgeni, nyuma ya boneti, kicheko cha watu wenye siri. Wanacheka nini? Wananicheka mimi? Mguu haukungoja jibu.

Maji yaliruka kutoka kwenye rejeta kama chemchemi. Bahati injini ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa, yalikuwa vuguvugu tu. Baba kajitokeza pembeni akiwa wa kijani, nyusi zinadondosha matone. Shati lile alikuwa ameliweka la kumpokelea Mama. Alikuwa analijaribu, na Mgeni alikuwa anamcheka kwa sababu vifungo havifiki.

Nimesema samahani. Injini ilikuwa na sauti zaidi yangu. Nikaambiwa nishuke.

Hita nimeiacha kwenye buluu.

Jumamosi, 10 Agosti

Gari halijaenda popote. Mama kaja kwa basi, kisha teksi. Mimi nilikuwa bafuni, nalia kidogo. Mgeni ndiye aliyefungua geti. Kumbatio la kwanza, la miezi saba, kalipata yeye!

La pili lilikuwa refu zaidi. Nimehesabu.

Mama hajanywa hata maji, kauliza gari lina nini. Kaingia, kawasha, kapapasa vitufe. Kauliza nani kaweka hita kwenye baridi. Mgeni kanitazama. Kumbe alijua! Kisha kasema, labda ni mimi, Mama Mdogo.

Mama hakumtazama yeye. Katazama tabasamu langu. Mama analijua tabasamu hilo tangu sina meno.

Kapiga kiti cha pembeni, nikakae. Kazi yangu, kutazama mshale. Tukakaa sisi wawili, hita inatuoka kama mikate, jasho linatiririka, Baba na Mgeni huko nje wakiita mapovu, bado mapovu, bado. Mshale ukasimama katikati. Feni ikanguruma, ikazima. Mapovu kwisha. Mama kanifuta jasho kwa kanga yake, kasema kwa sauti ndogo kwamba mahali pangu hakuna mwingine anayeweza kukaa.

Nimeamua kuacha wivu. Kabisa. Nimwite Dada.

Jumapili, 11 Agosti

Mama kasema wiki hii anatufundisha kuendesha. Ataanza na Dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Miezi mitatu!

Kifuniko cha rejeta kiko chini ya mto wangu. Bila kifuniko gari haliendi.

Saa kumi. Mgeni kamwambia Mama asihangaike peke yake. Wanakitafuta pamoja, kichwa kwa kichwa, chini ya gari. Wanacheka. Sikuwaza hilo.

Usiku nitakirudisha. Nitakiweka kwenye begi la Mgeni.