Kiambatisho Namba Moja

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekuta alama ya X kwenye kibanda changu. Nyekundu, kubwa, rangi haijakauka! Chini yake: ONDOA, SIKU 14. Miaka tisa natengeneza saa hapa, leo naambiwa niondoke kama takataka. Na kibanda cha kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta? Safi! Hata doa hakina!

Kinyozi akaja kunipa pole. Akauliza saa ngapi, akatazama saa zangu za ukutani moja baada ya nyingine, akasema basi atamuuliza muuza magazeti. Mtu huyu ananitafuta.

Nimepeleleza. Halmashauri ilikaa kikao mwezi uliopita, ikaamua habari ya vibanda vilivyovuka mtaro. Kikao gani? Nani alijua? Sheria inasema vikao viwe wazi, na raia apewe kumbukumbu akizitaka. Nazitaka! Mke wangu kasema niende nikaombe kwa adabu. Adabu! Hii ni vita, na vita ina mbinu zake.

Jumanne, 7 Aprili

Masjala ya halmashauri. Chumba kimoja, feni mbovu, mafaili mpaka dirishani. Karani wake tunamwita Njoo Kesho. Leo kanithibitishia kwa nini.

Mbinu ya kwanza: nimejaza fomu kumi na moja za kuomba kumbukumbu, kila moja kwa jina la mtu mwingine na mwandiko wake. Moja nimeiandika kwa mkono wa kushoto, kazi ngumu hiyo! Wakiona umma umechachamaa watazitoa wenyewe. Kila fomu nimeifunga kwa maneno yangu ya siku zote: Kwa uchungu na heshima tele. Barua bila maneno hayo naiona haijavaa.

Jumatano, 8 Aprili

Njoo Kesho kazipanga fomu zangu mezani kama karata. Kasema ni ajabu watu kumi na mmoja wasiojuana wote wana wino wa kijani, na wote wana uchungu na heshima tele. Nikamwambia huo ndio umoja wa wananchi. (Kalamu za kijani niliachiwa boksi zima na mteja aliyehama. Nizitupe?)

Nikabadili gia. Tangazo la kikao mlilibandika wapi? Kafungua kitabu cha kanuni, kasoma: tangazo litabandikwa mahali pa wazi. Basi yeye kalipeleka wapi? Uwanja wa mpira! Kwenye mlingoti wa goli! Nikadhani ananitania. Kasema, uso mkavu, kwamba mji huu hauna mahali pa wazi kuliko pale, hata kichaka hakuna.

Nimemkamata! Nimefungua lalamiko kwa msuluhishi hapo hapo. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 9 Aprili

Msuluhishi ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, anayeitwa pale raia na halmashauri wanaposhindwana. Nilimpa shikamoo mara mbili ili anipendelee. Akaitikia moja. Kaanza na zile fomu. Kasema nikirudia ataniandikisha mistari mia moja, na sidhani alikuwa anatania.

Kisha kamgeukia Njoo Kesho. Kamweleza polepole kwamba mahali pa wazi ni panapoonekana na watu, si pasipo na paa. Njoo Kesho kaliandika hilo kwenye daftari, kwa mshangao wa kweli. Tangu leo matangazo yatabandikwa mlangoni pa ofisi. Moja bila!

Tulipopumzika, Njoo Kesho akanivuta pembeni. Kwa sauti ya chini akaniambia: fundi, chukua nakala hii, kasome kwanza nyumbani, peke yako, halafu tuzungumze. Aha! Pembeni! Kwa siri! Nikapaza sauti hadi feni ikashtuka ikazunguka kidogo. Nikasema siri ndiyo iliyotufikisha hapa, kumbukumbu zisomwe mbele ya wananchi wote, pamoja na viambatisho! Mama msuluhishi akaniuliza kama nina hakika. Viambatisho vyote? Vyote, mama, hata pini iliyovishika isomwe!

Njoo Kesho akashika kichwa. Tumetia saini: Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbini, milango wazi. Nimeshinda! Nimeshindwa hata kula kwa furaha.

Jumamosi, 11 Aprili

Jana nilizunguka mtaa mzima kualika watu. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Kinyozi nilimweka mbele kabisa nimuone uso ukimbadilika, maana nilijua kwa vyovyote ana mkono wake humu.

Njoo Kesho akasoma. Mahudhurio, sala, dondoo. Nikapiga makofi kila aya. Kisha: Kiambatisho Namba Moja, barua kutoka kwa mwananchi, chanzo cha uamuzi wote. Inasema kuna kinyozi fulani anayenyemelea mtaro. Inaomba vibanda vyote vipimwe bila huruma, vilivyovuka viondolewe. Imetoka kwa Raia Mwema Asiyetaka Kutajwa. Kwa uchungu na heshima tele.

Akaiinua juu watu waione. Kijani!

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mke wangu akajifunika uso kwa mtandio. Barua yenyewe nilishaisahau! Niliiandika mwaka jana kwa hasira, siku kinyozi aliposema mbele ya wateja kwamba saa zangu zinasingiziana. Wakasoma vipimo. Kinyozi yuko ndani ya mpaka. Mimi nimevuka urefu wa mkono mzima, kwa ile rafu niliyoongeza ya saa za ukutani. Sikujipima! Nani hujipima?

Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasimama. Nikajiandaa kutukanwa. Akawaomba madiwani fundi aruhusiwe kuikata rafu tu, kibanda kibaki, na msumeno anao yeye. Akaongeza kwamba nikiondoka atakosa wa kumlaumu akichelewa. Wamekubali. Niliona aibu, nasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Na nililia kidogo. Njiani mke wangu kanikumbusha neno moja tu: adabu.

Jumatatu, 13 Aprili

Rafu imekatwa. X imefunikwa kwa rangi. Kibanda changu kimesimama! Kinyozi alinishikia ubao asubuhi nzima, akaniuliza saa ngapi, tukacheka wote. Mtu wa dhahabu. Nimejifunza mengi wiki hii.

Jioni nikaenda kumrudishia msumeno. Hakuwepo. Futi kamba nilikuwa nayo mkononi, nikapima benchi lake la wateja, kwa udadisi tu. Limevuka! Vidole viwili! Raia mwenye dhamiri ananyamazaje?

Nimeiandikia halmashauri. Nimeomba pia jambo lijadiliwe kikao cha faragha, maana kuna barua zisizofaa kusomewa kila mtu. Mkono wa kushoto, na safari hii wino wa bluu. Hawatanijua ng'o! Kalamu nimeazima kwa kinyozi. Nimeifunga vizuri: Kwa uchungu na heshima tele.