Meli ya Runazi

Mzee Mhoja alipoingia kwenye steshenari ya Privatus pale Biharamulo mjini na kusema anataka kuchapiwa kwa kompyuta barua ya Mheshimiwa mbunge, Privatus hakuona mteja. Aliona mitamba wawili wanene wakijipeleka wenyewe Kasulo.

Kasulo ndiko kwao Adelfina, na baba yake alikwisha kutoa neno: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ikipita bila mitamba wawili wa mahari uani, binti anaolewa na Thobias. Privatus alimpenda Adelfina kwa dhati, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakulighushi. Mitamba tu ndio hakuwa nao.

"Shikamoo mzee."

"Malahaba. Andika balua," alisema Mhoja, mfanyabiashara wa mahindi wa Runazi, aliyehamia kutoka Shinyanga na zizi lililojaa. "Balabala inaniua magali. Mwambie Mheshimiwa alete meli mtoni, ibebe mahindi yangu mpaka Lusumo."

Privatus alijing'ata shavu asicheke. Yeye ni Mhangaza. Kwao ulimi huvutwa na r, na viboko vya shule vilimfundisha kwamba akiwa na shaka, aandike l. Basi mtu wa "balua" alimwona mshamba wa kutupwa. Wajanja wengi wameangamia kwa njia hiyo, lakini tusikimbilie huko.

"Meli peke yake hawaisikii siku hizi, mzee. Weka na uhifadhi. Sema utatunza kingo za mto. Kiongozi akiona neno uhifadhi, kalamu inasaini yenyewe. Na barua nitaipeleka mimi, ofisini kwake naingia kwa mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma alikuwa hajauona; hata wa mbele hakuujua ulipo. Barua ililala kwenye droo, na baada ya siku nne Mheshimiwa akajibu kutoka kompyuta ileile, kwa mhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili:

"Ndugu Mhoja, maono yako ya usafirishaji na uhifadhi yamenitoa machozi. Meli ipo tayari. Kwa ajili ya uzinduzi, mkabidhi mjumbe wangu mitamba wawili. Na mwakani usisahau kunipa kula."

Mhoja aliisoma polepole. Alipofika mwisho akarudi, akausoma tena mstari ule wa mwisho huku kidole kikiufuata. Privatus alimhurumia mzee wa watu kwa kutojua kusoma vizuri.

"Mkubwa kweli huyu," alisema Mhoja. "Mjibu. Mitamba nitatoa, lakini uhifadhi utangulie. Mjumbe wake apande miti mia sita kwenye mtelemko wangu, nijue ana nia."

Mheshimiwa angefanyaje? Alikubali. Na kwa kuwa mjumbe alikuwa mmoja tu, wiki mbili nzima Privatus, mtu wa kivulini na feni, alichimba mashimo Runazi kwa jembe la kuazima. Viganja vilitoka malengelenge, kiuno kikagoma. Mke wa Mhoja, Mama Nshoma, alimletea ugali wa muhogo na maharage kila mchana, akampa pole nyingi kupita kiasi. Privatus alizipokea zote. Alikuwa akipanda mche, anamtaja Adelfina kimoyomoyo, anasogea shimo linalofuata.

Jumamosi yenyewe asubuhi alishindilia udongo kwenye mche wa mia sita. Mhoja akamkabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Mitamba wameondoka alfajili. Hii mpe Mheshimiwa, asifungue mwingine."

Privatus aliifungua kabla hajafika kwenye maduka. Mwandiko ulikuwa mzuri, na kila r ilikuwa mahali pake.

"Mheshimiwa, ulimi wangu unateleza, lakini nimesimamia kituo cha uchaguzi miaka kumi na mitano na macho yangu hayatelezi. Kiongozi husahau ahadi. Husahau hata njia ya kuja Runazi. Ila neno kura sijamwona anayeliandika kula. Miti imeshika vizuri, nakushukuru kwa mjumbe. Mitamba wako nimewapandisha kwenye ile meli yako. Wapokee Rusumo, chini ya maporomoko."

Simu ikaita. Alikuwa Adelfina.

"Privatus, baba amesimama uani tangu asubuhi. Mitamba wako wapi?"

Aligeuka akautazama mteremko wa Mhoja, ulivyopendeza. Alitafuta uongo wa kumfaa, yeye ambaye uongo haukuwahi kumpiga chenga, na siku hiyo hakuupata.

"Wamepanda meli," alisema.



"Wa Thobias wamekuja kwa miguu," akasema Adelfina.