Perege Walioongezeka Bila Idhini Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimehesabu samaki asubuhi. Nilitia bwawani perege kumi na wawili, wote madume, kama alivyoniapia muuzaji. Madume hawazai, wanakua tu. Leo wapo kumi na wawili, pamoja na wengine wadogo kama njiti za kiberiti, wamejibanza kwenye kona. Nilifika thelathini na moja, wakachanganyika, nikaacha.

Miaka ishirini na minane nimetunza stoo ya hospitali. Kitu kikipungua, ujue kuna mtu kaingia. Kikiongezeka, ujue kaingia na ana lake jambo. Bwawa hili liko nyuma ya jiko, nimelichimba mwenyewe na turubai nimelitandika mwenyewe. Anayeweza kulifikia bila kupita mlangoni kwangu ni jirani wa kushoto, mkunga mstaafu. Hata jina la kazi yake ni jina la samaki. Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwalika mkunga aje aone bwawa, ili nimtazame uso. Amekuja na kanga begani, akachuchumaa ukingoni, akatazama maji kwa muda mrefu kuliko anavyotazama mtu asiye na hatia. Kisha akamnyooshea kidole Meneja.

Meneja ndiye mkubwa wao. Nikigonga sahani kwa kijiko huja wa kwanza, na hunyonya pumba kwenye vidole vyangu. Tangu nistaafu hakuna mwingine anayenikimbilia hivyo.

"Huyu ni mama," mkunga akasema. "Hongera, jirani."

Nikamweleza kwa heshima kwamba Meneja ni dume, na kauli ya muuzaji ninayo. Akasema amezalisha miaka thelathini na miwili, na mzazi anamjua hata akiwa na magamba. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake hawa wawili wamezoeana mno.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja hali. Pumba inampita puani, wala haigusi. Mdomo umemvimba. Jana kanyooshewa kidole, leo hali. Naunganisha mambo.

Saa tano nimeona jambo kwa macho yangu. Kivuli changu kilipoangukia maji, wale wadogo wote walikimbilia kinywani mwa Meneja kama wanafunzi waliosikia kengele. Nikafurahi. Kumbe anawala wavamizi! Baada ya dakika tano akawatema, wazima wote. Hata yeye kaona hawafai.

Mke wangu alikuwa karibu, anaanika nguo. Akaniuliza kwa upole kama bado nahitaji kuelezwa nani ni mama. Nikamwambia aendelee na nguo zake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua kambare. Urefu wake ni kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na ana masharubu kama ya mkuu wangu wa zamani. Mpango ni huu: atawala wadogo wote na kuwaacha wakubwa, kwa kuwa hawamwenei mdomoni. Muuzaji alikubaliana nami kabla sijamaliza kueleza. Hapo nikajua mpango ni mzuri.

Mke wangu akauliza ni nani aliyemwambia kambare awaache wakubwa. Saa kumi nikamtumbukiza kambare bwawani, kisha nikaenda kuoga, maana nilikuwa nanuka kambare mpaka masikioni.

Jumapili, 9 Machi

Wakubwa wamebaki tisa. Wadogo hayupo hata mmoja. Meneja hayupo.

Nimegonga sahani. Nimesimama pale nikigonga mpaka mke wangu akaja kuchukua kijiko mkononi mwangu. Alitaka kuniambia kitu, nikamzuia. Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, naandika ukweli: nimelia kidogo, nyuma ya tangi la maji.

Kisha nikafikiri. Kambare mmoja hawezi kumaliza wote hao mara moja. Meneja kaibwa. Kwenye tope la ukingoni kuna alama za ndala za watu wawili. Za kwanza ni za mke wangu, hizo nimeziondoa kwenye uchunguzi. Za pili ni pana, na mguu mmoja umeburuzwa. Mkunga anachechemea.

Jumanne, 11 Machi

Jana mvua ilinyesha kutwa. Leo asubuhi mkunga kabisha hodi, amebeba beseni, ndani yake kambare wangu. Eti kamkuta anajikokota kwenye matuta yake ya vitunguu.

Nikamwambia samaki hatembei.

"Huyu anatembea," akasema. "Tena alikuwa na haraka."

Nikamwambia, dada yangu, aliyekutwa na samaki wangu mmoja huenda anao wengine. Nikaomba kuingia kwake. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari. Mkunga akasema karibu.

Uani kwake kuna karai kubwa la bati, limefunikwa chandarua. Nikafunua. Meneja alikuwemo, na wadogo wote wakimzunguka. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Jumapili, lakini nilichuchumaa tu. Nikatia vidole majini. Akaja akavinyonya.

"Ni mimi niliyemwomba," mke wangu akasema nyuma yangu. "Tuliwahamisha ulipokuwa unaoga. Ungemlisha kambare watoto na mama yao."

Nikauliza kwa nini hakuniambia Jumapili. Akasema alijaribu, nikamwambia asiniharibie uchunguzi. Ni kweli, nilisema hivyo.

Mkunga amekuwa akibadilisha maji ya karai asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo kutoka bombani, na goti lake limefungwa bandeji. Nilimwomba radhi. Kwa sauti ndogo, lakini niliomba. Akasema yameisha, nichukue samaki wangu kabla hajawazoea. Nikaona anafuta macho kwa pembe ya kanga. Mchana kambare tumemla pamoja, sote watatu.

Ijumaa, 14 Machi

Meneja yuko bwawani na anakula. Sasa namwita Bi Meneja. Watoto ni arobaini na wanne, mkunga kawahesabu kwa kikombe. Anakuja kila jioni kuwatazama, na nimemwekea kigoda chake. Ni mtu mwema, nilimkosea. Dhana mbaya ni ugonjwa, na mimi nimepona.

Lakini bado perege wawili wakubwa hawajulikani walipo. Mke wangu anasema waliliwa na kambare. Huenda. Ila jirani wa kulia, fundi saa, hajawahi kuniuliza habari za bwawa hata mara moja. Miaka tisa tunapakana, na salamu zake ni fupi. Mtu hawi kimya miaka tisa bila sababu.

Leo asubuhi nimetoboa tundu dogo kwenye ukuta wa upande wake, kwa msumari na nyundo, taratibu, kama nusu saa hivi. Nilipochungulia nikakuta jicho lake, naye anachungulia kwangu.

Sasa nina uhakika.